Maharagwe Yaliyonyweshwa Kama Ngamia

Walimu vijana, juzi mlikuja kwangu mkaketi barazani, mkanywa chai ya maziwa mpaka birika likakauka, halafu mkaniambia kwamba shule zenu hazifundishiki. Mmoja wenu yuko Liboi, mwingine Ifo, wa tatu yuko hapa hapa mjini, na malalamiko yenu yalikuwa yale yale: darubini za maabara ni mbili tu, wanafunzi wanakuja na njaa, wakubwa hawajali. Nilinyamaza kwa sababu sipendi kumgombeza mgeni. Sasa mmekwenda zenu, na kalamu ninayo, kwa hiyo acheni niyatoe niliyoyameza. Darubini mbili! Mimi nilikuwa na moja, lenzi yake ilikuwa na ufa, na kila tulichokitazama kilionekana kimekatwa katikati. Wako wazee mjini humu waliomaliza shule wakiamini kwamba jani la mmea lina mstari mweusi kutoka juu mpaka chini.

Mimi ni Mtaita. Nililetwa Garissa kufundisha biolojia kwa miaka miwili, kijana wa suruali iliyopigwa pasi, na sijaondoka mpaka leo. Nilifika wakati wa vita vya shifta, wale wapiganaji waliojificha porini. Sitawasimulia siasa ya vita ile, maana wenye kuisimulia ni wengi na kila mmoja ana yake. Nitawaeleza tu ilivyokuwa kumfundisha mtoto wa watu wasio na kitu apite mtihani uliotungwa ng'ambo, na mtungaji mwenyewe hajui kama kuna mahali duniani panaitwa Garissa.

Anzeni na vitabu. Kitabu cha biolojia kiliandikiwa watoto wa Uingereza. Sura ya kwanza ilimwambia msomaji atoke nje akachume maua yanayoota kwenye nyasi mbichi wakati theluji imeyeyuka. Tulitoka nje. Tukakuta mchanga, mbuzi wawili na ganda la sabuni. Nikarudi ndani nikachora ua ubaoni, na chaki zikaisha, kwa sababu chaki zilikuja kwa msafara wa malori yenye kulindwa na askari, na msafara ulikuja ulipotaka.

Tena vitabu vyenyewe havikutosha. Mwalimu mkuu, mzee mmoja mpole aliyeshika sheria kama anavyoshika tasbihi yake, alinipa wazo lililoonekana la busara: kichaneni kimoja mgawane sura. Tukakichana. Kila kijana akapata sura yake, akaihifadhi neno kwa neno kama alivyohifadhi Kurani chuoni kwao, na mpaka leo sijaona vichwa vinavyoshika kama vile. Taabu yake ni kwamba nikiuliza kuhusu moyo lazima niite mwenye moyo. Siku moja mwenye mapafu alikuwa na homa, na darasa zima likakaa bila kujua mtu anapumuaje.

Mnacheka. Mimi wakati ule sikucheka, nilirudi nyumbani nikapiga teke ndoo.

Na insha! Mtihani ulipenda kuwataka vijana wale waandike habari za kituo cha treni. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona treni. Nilifundisha Kiingereza pia, maana walimu waliopangiwa kuja huku waliugua ghafla kila walipoonyeshwa barabara yenyewe. Basi nikawaeleza treni. Kwetu Taita tunaijua, inapita Voi ikipiga kelele usiku kucha. Nikawaambia ina moto tumboni, na ikifika kituoni inanywa maji mengi sana ndipo iendelee.

Kijana mmoja akanyanyua mkono. Aliitwa Hirsi, mrefu kupita dawati lake, mtoto wa watu wa ngamia kutoka upande wa Liboi, na wa kwanza kwao kuvaa kaptula ya shule; kila p kinywani mwake ilitoka b.

"Maalim, ikisha kunywa inakaa siku ngabi mbaka inywe tena?"

"Si siku, Hirsi. Saa chache tu."

Akatazamana na wenzake kwa huruma. "Basi hiyo si kitu," akasema. "Ngamia ni bora."

Likumbukeni swali hilo. Laiti ningelikumbuka mimi.

Hirsi ndiye niliyemtumainia kuliko wote. Si kwamba alikuwa na akili kupita wengine. Mwenye moyo na mwenye mapafu walimzidi. Lakini yeye alijua anachokitaka. Vita vilipokaza, watu wa vichakani walikusanywa kwenye vijiji vya kulindwa, waya kuzunguka, na watu wa kwao Hirsi walikuwa ndani ya kimoja kisicho mbali na mji. Ngamia walikusanywa nao. Sasa ngamia si kuku, hukai naye uani. Majani ya karibu yaliisha, kwenda mbali kulikatazwa, na ngamia wa baba yake wakawa wanaanguka mmoja baada ya mwingine. Kila alipotoka kuwatembelea wazazi alirudi na hesabu ya waliobaki. Afisa wa mifugo aliyepita shuleni kutuhutubia alimwambia maneno ambayo Hirsi aliyashika kama sura ya kitabu: "Ukifaulu biolojia, chuo cha utabibu wa mifugo kitakuchukua. Usipofaulu biolojia, hata ukiwa wa kwanza kwa mengine yote, siwezi kukusaidia."

Tangu hapo akawa ananifuata mpaka msalani. "Maalim, figo ya ngamia na figo ya mtu ni moja?" Niache ninawe mikono kwanza, nilikuwa nikimwambia.

Hapa nawapa jambo moja la kazi, bure. Shule ikifunguliwa na mtoto asionekane, msikimbilie kulikata jina lake. Wakati ule vijana walikwenda likizo wakakuta nyumba imehamishwa. Wengine walitembea likizo nzima wakiitafuta, wakarudi wiki ya tatu ya muhula na miguu iliyopasuka, halafu eti niwachape kwa kuchelewa. Niliambiwa niwachape. Niliishika ile fimbo nikaitumia kuonyesha ramani.

Na jingine: msiweke kitu cha sayansi mahali ambapo askari atakiona kabla hamjamweleza. Tulikuwa tumeunganisha mifupa ya mbuzi kwa waya, kazi ya muhula mzima, mbuzi mzuri, amesimama kwa miguu minne. Askari walipokuja kupekua mabweni wakamkuta. Mmoja akauliza mbuzi huyu alichinjwa na nani na kwa kibali gani. Nikasema ni wa masomo. Akasema hata awe wa masomo, alikuwa na mwenyewe. Wakaondoka naye. Nilimwona kwa macho yangu amefungwa nyuma ya Landrova, anatikisa kichwa barabarani, na sikumpata tena.

Sasa nifike kwenye maharagwe.

Mwaka ule tulikuwa na darasa letu la kwanza la kidato cha nne, na mtihani wa biolojia ulikuwa na sehemu ya vitendo. Wiki nyingi kabla, mwalimu wa somo huletewa bahasha ya maagizo ili atayarishe vitu. Ni siri. Ukimwambia mtu yeyote yaliyomo, mtihani wa shule nzima unafutwa. Mwalimu mkuu alinikabidhi bahasha, akafunga mlango, akafunga na dirisha, na joto la Garissa mnalijua. Nikafungua. Kila mtahiniwa awekewe mche mmoja wa maharagwe, mbichi, wenye mizizi yake yote na maua.

Nilifurahi. Jamani, nilifurahi! Nilidhani wangetaka chura wa Ulaya. Kwetu Taita maharagwe huota hata mtu akiyadondosha mlangoni. Nikaagiza mbegu kwa msafara, nikachagua mahali nyuma ya jiko, nikawaita vijana nikawaambia tunaanzisha bustani.

"Bustani ya nini, Maalim?"

"Ya bustani tu."

Wakatazamana tena. Watu wale hawakuwahi kulima. Kwao anayeinama chini kuchokora udongo amefilisika. Lakini walikuwa na adabu, wakachokora. Tukazungushia ua wa miiba kuwazuia mbuzi, na kwa ua wa miiba sikuwafundisha kitu, walijenga ambao hata sungura asingeupita. Maharagwe yakachipua vizuri. Nikamweka Hirsi kuwa mkubwa wa bustani kwa sababu ndiye aliyejua kutunza kitu mpaka mwisho.

Halafu nikaitwa Nairobi kuchukua vifaa vya maabara. Safari ya siku chache tu. Nilimshika Hirsi bega nikamwambia, "Haya yote ni yako. Maji ya kisima ni haba, najua, lakini haya yasione kiu. Yanyweshe vizuri."

"Maalim, kunywesha ndio kazi yangu tangu mdogo," akasema. "Wewe nenda, usiwe na wasiwasi."

Nilikwenda bila wasiwasi. Kurudi, barabara ilikuwa imetegwa mabomu na msafara ukazuiwa Thika. Leo hapana, kesho labda, kesho kutwa tutaona. Nililala juu ya masanduku ya chupa za maabara karibu wiki tatu, nikila mkate mkavu. Nilipofika shuleni, kabla ya kuoga, nilikwenda nyuma ya jiko.

Udongo ulikuwa umepasuka vipande vipande, ungeweza kutia mkono kwenye nyufa. Maharagwe yalikuwa yamelala, ya manjano, na mizizi imeoza. Kavu juu, yameoza chini! Sikuwahi kuona maharagwe yaliyokufa kwa njia mbili kwa wakati mmoja.

"Hirsi!"

Akaja mbio, akitabasamu. "Maalim, karibu! Umefika salama?"

"Haya maharagwe uliyapa maji?"

"Nilimba, Maalim. Sana."

"Lini?"

"Ile siku wewe umeondoka. Nilimba mbaka akashiba. Maji ikasimama juu, anakataa kuingia, ndio nikajua ameshiba. Halafu nikamwacha acheue. Baadaye nikaona anaanza kulegea, nikajua kiu imefika, nikamba tena mbaka akashiba."

"Hirsi, hayo ni maharagwe!"

"Ndiyo, Maalim."

"Si ngamia!"

Akafikiri kidogo. Mniamini, alifikiri kwa moyo wake wote. "Lakini Maalim, mnyama ukimba maji kidogo kidogo kila siku, unamharibu. Anakuwa dhaifu, hawezi safari."

Safari! Maharagwe yangekwenda wapi? Nilikaa chini kwenye vumbi na suruali yangu ile. Nilitaka kupiga kelele, na nikapiga. Nilipiga kelele mpaka mpishi akatoka na mwiko. Kwa sababu mtihani ulikuwa wiki ile ile, na maharagwe hayatoi maua kwa wiki moja hata uyasomee dua, na bila mche mezani hakuna alama za vitendo, na bila alama za vitendo hakuna biolojia, na mbele yangu amesimama kijana ambaye bila biolojia hana kitu, wala hajui kwamba kile alichokinywesha mpaka kikafa ni chuo chake mwenyewe. Na mimi nimekatazwa kumwambia.

"Maalim analia?" nilimsikia mmoja akiuliza.

"Vumbi," nikasema.

Lakini Hirsi hakuwa mjinga. Hakuna mwalimu anayelilia bustani ya bustani tu.

Maharagwe yalikuwapo mahali pamoja, kwenye mashamba ya watu wa mtoni, mwendo kidogo chini ya mji. Ukingo wa mto ulikuwa umefungwa kwa amri, hakwendi mtu bila kibali. Nikavaa koti nikaenda kituoni kuomba. Afisa pale alikuwa mtu wa bara, mnene, mwenye leso shingoni, na feni yake haikuzunguka.

"Unataka kwenda mtoni kufanya nini, mwalimu?"

"Kuchukua maharagwe, afande."

"Sokoni hakuna?"

"Nataka mabichi. Na mizizi yake."

"Ya kupika na mizizi?"

"Si ya kupika."

"Ya nini basi?"

"Siwezi kusema, afande."

Akaiweka kalamu chini. "Mwalimu, kuna vita hapa. Wewe unakuja ofisini kwangu kuniambia una maharagwe ya siri?"

Mnaona mahali siri za mitihani zinapomfikisha mtu! Akasema nirudi kesho. Kesho alikuwa safarini. Kesho kutwa alikuwapo lakini mhuri ulikuwa safarini. Nilirudi shuleni nikamwomba mwalimu mkuu aniruhusu nimwonyeshe afisa barua ya maagizo, ukurasa ule mmoja tu. Akazungusha tasbihi yake akasema, "Mwalimu Mwadime, sheria ni sheria." Mtu mzuri kabisa, Mungu amrehemu, lakini siku ile ningemtia kwenye ndoo niliyoipiga teke.

Siku moja kabla ya mtihani, wakati wa kuita majina asubuhi, Hirsi hakuitika. Adhuhuri askari akaja kuniita kituoni.

Nilimkuta amekaa chini ukutani, miguu mitupu, kifua wazi. Viatu na shati alikuwa amempa mama mmoja wa mtoni. Kando yake palikuwa na kifurushi kilichofungwa kwa kikoi chake kilicholowa maji, na ndani yake, jamani, maharagwe! Mabichi, yana maua, mizizi ina udongo wake. Yalitosha darasa zima.

"Kijana wako amekamatwa kwenye kizuizi cha barabara anatoka mtoni bila kibali," afisa akasema. "Tunamuuliza chakula hiki ni cha shifta gani, anasema ni cha maalim wake. Tunamuuliza maalim anakitakia nini, anasema hajui. Sasa wewe utaniambia?"

Nilitazama mlango, nikatazama dari. Nikasema, "Afande, kesho kijana huyu ana mtihani. Mwachie leo, nami nitarudi baada ya mtihani nikuambie kila kitu, hata unifunge."

"Kwa nini baada?"

"Kwa sababu kabla siwezi."

Tuligombana mpaka leso yake ikalowa. Nilimwambia mambo ambayo siyaandiki hapa kwa kuwa wajukuu wangu wanasoma. Mwisho akasema mwenye mamlaka ya kumwachia mtu aliyekamatwa kwenye ukingo wa mto ni mkubwa wake, na mkubwa wake atarudi kesho asubuhi. Kijana atalala hapa. Maharagwe, maadam hayana kosa, naweza kuyachukua.

Nilisimama pale na kifurushi mikononi kinanidondokea viatuni. Nikakifunga upya kile kikoi. Hirsi ndiye aliyesema kwanza.

"Maalim, chukua uende. Jua kali, atalegea." Kisha akaniita tena nilipofika mlangoni. "Yule mama nimemuuliza. Amesema mba maji kidogo kidogo, kila siku. Mimi nilikosea. Usimshibishe."

Nilitembea mpaka shuleni siioni njia.

Asubuhi kila meza ilikuwa na mche wake ndani ya kopo la maziwa, na meza ya Hirsi pia. Mtihani ukaanza. Vijana wakachora mizizi, wakachora maua, wanafanya kazi nzuri kuliko nilivyotarajia, na mimi nazunguka kati yao macho yangu yako dirishani. Sheria ilisema aliyechelewa zaidi ya nusu saa haingii. Nusu saa ikapita. Muda kidogo baadaye nikamwona anakuja mbio kutoka upande wa kituo, vumbi mpaka magotini, bado kifua wazi. Mwalimu mkuu akasimama mlangoni.

"Nimechelewa kidogo tu," Hirsi akasema, anahema.

"Mwanangu, ukiingia, karatasi za wenzako wote zinafutwa."

Hirsi akachungulia ndani juu ya bega la mwalimu mkuu. Hakunitazama mimi. Alitazama makopo. "Ana maua wote?" akauliza.

"Wana maua wote," nikamjibu.

Akarudi nyuma, akakaa chini kivulini kwa ukuta mpaka kengele ya mwisho. Nilikuwa na hasira siku ile, walimu vijana, na bado ninayo. Nina hasira na bahasha, na mhuri uliokuwa safarini, na mtu wa ng'ambo aliyekaa kwenye kiti chake akaandika maharagwe bila kujua maharagwe ni kitu gani mahali pengine. Wenzake wote walipata biolojia kwa maharagwe aliyoyaleta yeye. Yeye hakupata.

Mwalimu mkuu, na hapa namsamehe mambo mengi, alimwacha abaki arudie mwaka, akamtafutia kitanda na shati. Hirsi akachukua mche uliokuwa kwenye meza yake akaupanda nyuma ya jiko. Kila asubuhi kabla ya kengele alikuwa pale na kikopo, anamwagia kidogo, anasubiri, anagusa udongo kwa kidole, anamwagia kidogo tena. Ulipozaa akapanda mbegu zake. Zilipozaa akapanda tena. Kufikia mwisho wa mwaka nyuma ya jiko palikuwa kijani, vijana wa madarasa ya chini wamewekewa zamu, na ole wake aliyeyashibisha. Hirsi alijua maharagwe kuliko Mtaita. Aliweza kuyafanya yatoe maua wiki aitakayo. Alisubiri mtihani kwa utulivu ambao sijawahi kuuona kwa mtahiniwa.

Bahasha ikaja. Mwalimu mkuu akafunga mlango na dirisha. Nikaifungua nikiwa karibu kucheka, kwa kuwa kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nilikuwa tayari.

Kila mtahiniwa awekewe samaki mmoja mbichi.

Samaki! Watu wa Hirsi hawali samaki. Hawamshiki. Kwao samaki ni kitu chenye harufu mbaya ambacho watu wengine hula kwa kukosa mifugo, na mle shuleni kijana mmoja aliwahi kukataa kikombe kwa sababu kiliwahi kukaa karibu na kopo la samaki. Niliisoma karatasi mara nyingi kama mtu anayetafuta maharagwe ndani yake. Dirisha lilikuwa limefungwa lakini ufa ulikuwapo, na kwa ufa ule nilimwona Hirsi amechuchumaa bustanini na kikopo chake, anagusa udongo.

Nikavaa koti nikaenda kituoni. Afisa alikuwa yule yule, leso ile ile.

"Mwalimu. Maharagwe ya siri tena?"

"Hapana, afande," nikasema. "Safari hii ni samaki."

"Wa siri?"

"Wa siri."

Akaiweka kalamu chini tena. Akasema nirudi kesho. Nikavuta benchi nikaketi mbele ya meza yake, nikamwambia sirudi kesho wala kesho kutwa, nitakaa hapa mpaka mhuri urudi kutoka safari zake. Nikakaa. Niliwasalimia watu wote waliokuja kuleta mashtaka. Nilikula chakula changu pale. Jua lilipoanza kushuka alitoa mhuri kwenye mtoto wa meza yake, ulikuwa humo muda wote, akaugonga.

Nisiwafiche: biolojia aliipata, na chuo kikamchukua, na hao ngamia na mbuzi wa babu zenu waliochanjwa kuanzia Liboi mpaka Elwak, wengi walichanjwa kwa mkono wake. Lakini mkija tena na habari za darubini mbili, mimi nitawasimulia ile asubuhi ya mtihani wa pili tu. Makopo hayapo, kila meza ina sahani, na kwenye kila sahani samaki wa mtoni mwenye macho wazi. Darasa zima limefunika pua. Hirsi akaingia, kengele haijalia bado, akaketi. Akamtazama samaki. Akanitazama mimi, nikaona midomo yake inataka kuuliza maharagwe iko wapi, na haikuuliza. Akakunja mikono ya shati, akasema bismillahi, akashika kisu.